Kipa Asiyekaa Golini

Balsall Heath, Birmingham
Jumapili, 19 Februari 2006

Ndugu yangu Cyriaque,

Kazi yangu unaijua. Takataka za mji mzima zinapita mbele ya pua yangu pale Tyseley: nepi, samaki waliooza, mabaki ya mikahawa yote ya mtaa huu. Na tangu nianze kazi ile sijawahi kushindwa kula. Jana nilishindwa. Nilitoka uwanjani nimechefuka, Peninah akanipakulia, nikamwambia aiondoe ile sahani mbele yangu.

Kilichonichefua ni yule mwanafunzi wako, Emery. Uliniandikia Krismasi kwamba kijana wa kwenu Uvira amefika chuo kikuu hapa, kwamba ni kipa, kwamba nimtazame kabla ya Jumatatu ya Pasaka makanisa yetu manne yatakapogawana wanafunzi wapya kwa ajili ya ligi. Haya, nimemtazama. Ilikuwa mechi ya mazoezi, wanafunzi kwa wanafunzi. Mpira ukampita beki. Kipa mwenye akili anatoka, anaudaka, mambo yanaisha. Huyu hakuudaka! Aliuweka mguuni, akampiga chenga mshambuliaji, akatembea nao, Cyriaque, nakwambia akatembea nao hadi katikati ya uwanja, na goli lake nyuma liko wazi kama choo kisicho na mlango.

Kipa ana kazi moja. Mimi nimesimama golini tangu siku mimi na wewe tulipoanzisha timu hii, na hakuna mtu aliyewahi kuniona nimetoka nje ya boksi. Ndiyo, tulimaliza wa mwisho mwaka jana. Lakini tulimaliza kwa heshima.

Kwa sababu ya huo mwisho, mwaka huu sisi ndio tunaochagua kwanza. Siwezi kulitupa chaguo la kwanza kwa mtu wa namna hiyo. Isitoshe desturi yetu unaijua: kapteni akimchagua mwanafunzi, amechagua mtoto. Mke wake anampa sahani ya chakula mbele ya watu, na kuanzia hapo kila Jumapili anakula kwao hadi amalize chuo. Yaani nimtazame akitafuna mezani kwangu huku nakumbuka zile chenga? Siwezi.

Ningekupigia simu, lakini Marlène wako amepiga marufuku habari za mpira kwenye simu, na Peninah amemuunga mkono. Wanasema tukianza tunatukanana kama walevi. Basi tuandikiane.

Ndugu yako,
Bethuel


Glasgow
28 Februari 2006

Baba Jelagat, mon frère,

Barua yako nilimsomea Marlène kwa sauti. Alicheka hadi akaketi kwenye ngazi. Mimi sikucheka.

Franchement, bila kuficha, kinachonichefua mimi ni timu yetu. Mwaka jana nilikuwa beki wako, kabla ya kazi ya Marlène kutuleta huku kwenye mvua. Unakumbuka tulivyocheza? Napata mpira, nageuka, naona maadui wawili wananijia. Nataka nikurudishie wewe. Wewe umeganda kwenye mstari, umenitolea macho, unapiga kelele, "Toa! Toa!" Natoa. Mpira unarudi. Natoa tena. Unarudi tena. Ule haukuwa mpira, Bethuel, tulikuwa tunafukuza nzi kwenye nyama. Kila Jumamosi nilirudi nyumbani naona kinyaa, nikaoga, na kile kinyaa hakikutoka.

Kipa mwenye miguu ni mchezaji mmoja zaidi. Beki akibanwa, anamrudishia. Adui akimfuata kipa, kuna mwenzetu ameachwa peke yake mbele. Timu zote zinacheza kumi na moja, sisi tulikuwa tunacheza kumi na mtazamaji mmoja mwenye glavu. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Usipomchukua, Mwinjuma atamchukua. Yule kapteni wa Ladywood si mjinga. Halafu tutamtazama Emery akitupita sisi.

Swali dogo. Mistari yako inaporomoka. Inaanza vizuri, ikifika mwisho wa ukurasa inaanguka. Wewe hata ulipokuwa na homa mwandiko wako ulinyooka. Huo mkono wako wa kushoto unaoandikia una nini?

Wako,
Cyriaque


Balsall Heath
Jumapili, 12 Machi 2006

Ndugu Cyriaque,

Mkono hauna neno. Meza yetu ya jikoni ina mguu mmoja mfupi.

Jana nilienda tena kumtazama yule bwana wako, usije ukasema simtendei haki. Safari hii nilipata nilichokuwa nangoja. Alitoka na mpira, akampiga chenga wa kwanza, akampiga chenga wa pili, wa tatu akamnyang'anya. Goli tupu. Yule mtu hakuhitaji hata kupiga shuti, aliusukuma tu ukaenda wenyewe. Na unajua Emery alifanya nini? Alicheka! Kipa aliyefungwa hacheki. Anainama, anafunga kamba ya kiatu hata kama haijafunguka, anapotea kidogo. Huyu alirudi golini anacheka meno yote nje, kama mtu aliyetaniwa na shangazi yake.

Baada ya mechi nikamwita pembeni.

"Kijana, kwa nini unatoka golini?"

"Papa, mupira haiko bomu. Ikikuja, naitembeza tu."

"Na ukinyang'anywa kama leo?"

"Ni goli moja, Papa. Tutarudisha mbili."

Halafu akafuta kamasi kwa glavu, glavu ileile, akanipa mkono. Nikaupokea, kwa sababu nimelelewa. Nilinawa mara mbili.

Kitu kimoja nitakubali, ili usiseme mimi ni mwongo. Krosi anazidaka. Kulikuwa na mpira wa juu sana, mabeki wote wamepigwa butwaa, akapaa mikono yote miwili juu kabisa, akaushusha kifuani bila kelele. Nikajikuta natazama barabarani. Basi, hilo tu.

Jibu ni lilelile. Nitachagua beki.

Bethuel


Balsall Heath
20 Machi 2006

Shemeji Cyriaque,

Salamu nyingi kwako na kwa Marlène. Utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Bethuel hajui kwamba nimekuandikia, na nakuomba asijue.

Meza yetu haina mguu mfupi. Ni bega lake la kushoto. Lilitoka mahali pake Agosti, kwenye ile mechi ya mwisho, akalirudisha mwenyewe nyuma ya gari, akakuambia amejikwaa. Tangu hapo limetoka tena, mara moja kazini na mara moja akivua sweta. Mimi ni nesi, shemeji, siwezi kujifanya sioni. Daktari amemwambia bega likiangukiwa tena atapasuliwa, na huenda asirudi kwenye kazi ile ya kunyanyua. Alimwitikia daktari vizuri sana, akatoka pale akaenda kununua glavu mpya.

Asubuhi anajifungia bafuni kuvaa koti nisimwone. Juzi alishindwa kuinua birika la chai, akatumia mkono wa kulia. Jelagat akamwambia, "Dad, you can't even lift the kettle." Akajibu kwamba mabirika ya nchi hii ni mazito.

Usimwone mkaidi tu. Nitakuambia kitu ambacho yeye hawezi kukuambia. Akitoka kazini ananuka. Anaoga kulekule, anabadilisha nguo, na bado ananuka. Imeingia kwenye ngozi. Kwenye basi watu wanahama kiti. Wanahama tu, na yeye anatazama dirishani. Mimi nimewahi kuwa naye, nimeona. Jumamosi ndiyo siku pekee anaposimama mahali watu wote wanamtazama na hakuna anayeziba pua. Nitamwambiaje atoke hapo?

Wewe anakusikiliza, hata akikutukana. Mtafutie njia.

Ni mimi shemeji yako,
Peninah


Glasgow
29 Machi 2006

Baba Jelagat,

Nimefikiri sana kuhusu barua yako. Tuache Emery kidogo, tuongee kuhusu wewe.

Umri umekwenda, mon frère. Mimi mwenyewe huku nikikimbilia basi natema mapafu. Hakuna aibu. Ukimchukua Emery, wewe unakuwa kocha, unasimama pembeni na koti refu, unapiga kelele vilevile. Tena utapiga kelele zaidi. Bado timu ni yako.

Naogopa ule mkono. Usinirudishie habari za meza. Mtu asiyeweza kuinua birika la chai atadakaje krosi? Ukianguka juu ya bega lile, hutakosa mpira tu, utakosa na kazi. Fikiri kuhusu mke na mtoto.

Nakuandikia kwa upendo wa kweli, vraiment.

Cyriaque


Balsall Heath
5 Aprili 2006

Cyriaque,

Birika.

Sikuwahi kukuandikia habari za birika. Sikuwahi kukuandikia habari za bega pia. Kwa hiyo nyumbani kwangu kuna mtu anayekuandikia, na huko Glasgow kuna mtu anayepokea na kutikisa kichwa na kusema maskini Bethuel.

Nimeona panya waliokufa kwenye mifuko ya plastiki wakati wa joto, na hawakunitia kinyaa kama ile barua yako ya upendo. Kupangwa. Kuonewa huruma na watu wawili ninaowaamini kuliko wote. "Koti refu"! Unataka nisimame pembeni nimevaa koti refu, ambalo mke wangu atanivalisha!

Nilimuuliza Peninah. Hakukana. Alisema, "Ndiyo, nilimwambia, na nitamwambia tena." Tangu Jumatatu tunaongea kuhusu maziwa na mkate tu.

Usiniandikie.

B.


Balsall Heath
Jumanne, 18 Aprili 2006

Cyriaque,

Nakuandikia kwa sababu utasikia kwa wengine, na wengine watatia chumvi.

Jana tumegawana wanafunzi. Baada ya ibada tulikaa kwenye ukumbi, makapteni mbele, wanafunzi kwenye viti vya nyuma wamevaa vizuri, Peninah na wake wengine wamesimama karibu na jiko na sahani zao. Nilikuwa nimekwisha kuamua: beki mrefu, mpole, anaitwa Ivan. Jina lake lilikuwa mdomoni.

Ndipo Mwinjuma akaja kuniamkia. Anatabasamu. Anajua nitachagua beki, nani asiyejua, nimelisema kila mahali. Akaufungua mfuko wake anionyeshe: jezi ya kipa ya Ladywood, mpya, na mgongoni tayari limechapwa jina EMERY. Akasema, "Asante sana, kaka, kwa kuwa mtu wa msimamo."

Ile jezi ilinuka plastiki mpya, na yule mtu alinuka marashi, na wote wawili walinichefua.

Nikasimama. Desturi inataka utaje jina na kazi. Nikasema, "Emery." Ukumbi wote ukapiga kelele. Nikangoja wanyamaze, nikasema, "Kiungo."

Ndiyo, umesoma vizuri. Kama anapenda kukimbia na mpira, akimbie katikati ya uwanja, mahali pa kukimbilia. Golini nipo mimi. Ladywood wamempoteza, na mimi sijapoteza kitu. Nadhani hilo hukulifikiria wewe mwenye mawazo mengi.

Peninah alinitazama muda wa kutosha kuchemsha yai. Kisha akampelekea kijana sahani yake, na nikaona amemwongezea paja la kuku. Emery alikula palepale, akanyonya vidole, akasema, "Merci, Mama." Kwangu alisema, "Papa, mi ni kipa." Nikamwambia ale.

Bega halina neno.

Bethuel


Glasgow
26 Aprili 2006

Baba Jelagat,

Umenunua ng'ombe wa maziwa ukamfunga jembe, na unajisifu!

Sitasema tena habari za mawazo yangu. Naomba kitu kimoja. Mechi ya kwanza ni Ladywood, najua, na Mwinjuma atakupigia krosi kutoka dakika ya kwanza kwa sababu ile jezi inamuuma. Mwambie Emery avae jezi ya kipa ndani ya jezi yake. Usipoihitaji, nitakuja Birmingham nikuombe radhi mbele ya kanisa zima.

Na ongea na mke wako. Kosa la birika ni la mdomo wangu.

Cyriaque


Balsall Heath
Jumapili ya Pentekoste, 4 Juni 2006

Ndugu yangu Cyriaque,

Huu si mwandiko wangu, kama unavyoona. Umenyooka mno. Anayeandika ni Emery, mezani kwangu, baada ya chakula, kwa sababu mkono wa kushoto umefungwa kifuani na wa kulia haukusoma shule. Nimemwambia aandike kila neno litokalo kinywani mwangu, hata yanayomhusu yeye, na asirekebishe kitu. Ameapa.

Basi aanze kuandika hili: anakula vibaya. Anaanza sahani yake na anamalizia za wengine. Anakunywa mchuzi kwenye bakuli na unamsikia ukiwa chumba kingine. Jelagat anamcheka, na sasa hata yeye anakunywa hivyohivyo. Nyumba yangu imeharibika.

Uliahidi kuja kuniomba radhi kama jezi haitahitajika. Huna haja ya kusafiri. Jezi ya kipa aliivaa ndani, Peninah alisoma barua yako akamwambia, mimi sikuambiwa. Mambo yalikuwa sawa hadi karibu na mwisho, goli moja kwa moja. Krosi zile za Mwinjuma nilikuwa nazipiga ngumi kwa mkono wa kulia. Kisha ikaja kona, juu, upande wa kushoto. Nilijua kabla sijaruka. Niliruka hata hivyo. Bega likatoka hewani, Cyriaque, nikaanguka juu yake, na kitu ndani kikakatika, nikakisikia.

Nikalala kwenye tope. Puani tope, mdomoni tope. Nikaona viatu vimenizunguka na hakuna aliyenigusa. Nikawaza, haya, wamehama kiti.

Huyu anayeandika ndiye aliyepiga magoti. Akanivua glavu, ya kulia kwanza, ya kushoto polepole sana, akazivaa hivyohivyo zimeloa. Akavua jezi ya juu. Akaingia golini.

Wamenilaza pembeni, Peninah amenishika kichwa, gari la wagonjwa liko njiani, na mimi natazama. Mpira wa kwanza uliomfikia aliuweka mguuni. Nikapiga kelele, "Udake!" Akampiga chenga mmoja. "Rudi golini!" Waliosimama pembeni wakafikiri nimepagawa. Akampiga chenga wa pili, na wa pili alikuwa Mwinjuma mwenyewe, alibaki ameketi chini na marashi yake. Mbele yake uwanja umefunguka wote, beki wa Ladywood ameacha nafasi kumkimbilia, Ivan, yule beki niliyempata raundi ya pili, amepanda na yuko peke yake kule. Na mimi, nikiwa nimelala, nikasikia mdomo wangu unasema, "Nenda." Peninah ni shahidi. Nikasema, "Nenda, nenda, nenda." Akampa Ivan pasi, Ivan akafunga. Mbili kwa moja.

Ninasema hili aandike, na naona ameinamisha kichwa. Andika, kijana.

Kuna jambo lingine sikukuandikia. Kabla ya mechi ile, siku ya katikati ya wiki, huyu alikuja kunipokea nje ya lango kazini. Alisema chuo kimefunga mapema. Nadhani Peninah alimtuma. Tukapanda basi. Mama mmoja akahama kiti, kama kawaida. Emery akakaa kwenye kile kiti, karibu yangu kabisa, bega kwa bega, bega lile bovu. Akanusa. Akasema, "Papa, unanuka mubaya." Nikasema najua. Akafungua mfuko wake, akatoa mandazi ya Peninah, akala hadi tukashuka. Sijui kwa nini nakuambia.

Nimepasuliwa. Kazi ya kunyanyua imekwisha. Wamesema kuna nafasi langoni, kuelekeza malori, nitaanza mkono ukipona. Nimelia, Peninah ameniona, na siku hiyo hatukuongea kuhusu maziwa na mkate. Nilimwomba radhi. Anasema wewe pia umwombe, kwa birika.

Leo huyu bwana amenikatia nyama kwenye sahani kama mtoto mchanga, vipande vidogovidogo. Nilichukia sana. Nilikula vyote.

Jumamosi tunacheza tena. Yeye golini, mimi nyuma ya wavu, bila koti refu. Akitoka na mpira nitamtukana, akirudi nitamtukana. Marlène aliniambia kwamba unataka kumtumia glavu. Usitume. Zangu zinamkaa.

Nimemwambia amalizie aweke sahihi yangu. Amekataa. Ameniwekea kalamu kwenye mkono wa kulia. Anasema kama kipa anaweza kutumia miguu, na mimi naweza kutumia huu. Ananichefua huyu mtoto wangu. Usicheke herufi.

B  e t h   u  e   l